Lebo Ndefu ya Mama wa Kikuubo

Wiki ile nilikuwa nimepewa ruhusa yenye sharti. Binti yangu, anayeishi na mama yangu Bungoma, alikuwa abatizwe Jumapili, na kanisa lao linataka mzazi asimame nyuma ya mtoto. Bosi alisema, "Yule mama wa Kikuubo akikikubali kidirisha Ijumaa, panda basi. Asipokubali, ssebo, bwana wangu, hatuna la kufanya." Simwiti mbaya. Kazi ilikuwa imechelewa, na mimi nilichangia.

Kazi yenyewe ukimweleza mtu anacheka. Napanga maneno kwenye vidirisha vya kompyuta: kushoto lebo, yaani jina la kitu, tuseme Uzito, kulia thamani yake, yaani kile mtu anachojaza. Shule niliishia darasa la nane. Hii nilijifunza kwa kutazama wengine na kukosea, na mpaka leo sina hakika kama naijua au nimeizoea tu.

Mama wa Kikuubo ni Mkongo, anauza vitenge na sabuni kwa jumla kwenye soko hilo, na mizigo mingine anaipitisha bandari ya Port Bell kwenda Mwanza. Lebo zake zilikuwa fupi: Bidhaa, Uzito, Bei. Isipokuwa moja: "Jina la mtu atakayechukua mzigo bandarini." Sasa, safu ya lebo huchukua upana wa ile iliyo ndefu kuliko zote. Hiyo moja ikazisukuma thamani zote mbali kulia. Uzito ukabaki kushoto peke yake, kilo zake ziko ng'ambo.

Nilipompelekea dukani, aliuchomoa mrija kwenye soda yake, akaulaza juu ya skrini kutoka kwenye neno mpaka kwenye namba, ili jicho lisitelezee mstari wa chini.

"Mtoto yangu, unaona? Nasoma na mrija. Watu wamejaa hapa. Miye nishike mrija ao nishike mali?"

"Mama, tuifupishe hii ndefu. Tuandike Mpokeaji."

"Hapana! Hawa wasichana wataandika jina ya mwenye duka ya Mwanza. Mwenye duka anatumaka mutu. Muzigo utalala kwa mvua."

Alikuwa na haki.

Nilirudi Bukoto, kwenye fleti tunayoiita ofisi. Kidirisha hakikuweza kupanuliwa, skrini yake ni ya zamani na ndogo. Nikapendekeza lebo ndefu peke yake ipande juu ya thamani yake. Bosi akakataa.

"Moja juu, nyingine pembeni? Hiyo ni gauni la gomesi lililoshonwa na mafundi wawili."

Naye alikuwa na haki. Mteja mmoja wa nyuma alishaturudishia mchanganyiko wa namna hiyo.

Alhamisi bosi alitoka kwenda kwa wateja wengine, akafunga geti la chuma kwa nje kwa sababu ya wezi wa kompyuta. Tulikubaliana hivyo tangu zamani, siwezi kumlaumu. Nilikaa mle ndani nikivuta lebo kushoto, thamani inafuata. Nikipunguza ukubwa wa herufi, mama hasomi. Nikibana safu, "bandarini" inakatika inabaki "bandar". Kila nilipoachia kitu kimoja, kingine kilinibana. Nilitamani kumpigia mtu simu nimuulize, nikakosa wa kumpigia.

Ijumaa asubuhi nilizipandisha zote. Kila lebo juu ya thamani yake, zile fupi mbilimbili ubavu kwa ubavu. Bosi aliangalia muda mrefu.

"Kale," akasema, yaani sawa. "Fundi ni mmoja."

Tukaenda Kikuubo pamoja. Mama alisoma huku anamjibu mteja na kumkemea mpagazi, wala hakugusa mrija.

"Hii ndiyo! Miye nakubali." Mimi moyoni nikawa nimeshapanda basi. Halafu akafungua kidirisha cha pili, kile cha wateja, na cha tatu. Vilikuwa vya mpango wa zamani. "Na hivi? Vyote viwe kama hii. Jumatatu naanza kazi nayo."

"Jumatatu, nyabo," bosi akasema.

Nje akaniambia, "Ssebo, mpango huu unaujua wewe tu. Ungekuwa mimi, ungemjibu nini?"

Nilijaribu kutafuta jibu jingine kwa haki. Sikulipata. Labda mtu aliyesoma zaidi angelipata, au mtu jasiri angeondoka tu. Sijui.

Nilipiga simu nyumbani.

"Baba, umepanda basi?"

"Bado. Sitaweza kuja."

"Basi atasimama mjomba."

"Mjomba ni mtu mzuri."

"Anakohoa sana kanisani."

"Mwambie anywe maji kwanza."

"Mwambie wewe," akasema, akampa bibi yake simu.

Mama yangu hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, na haikuwa kweli, halafu nikarudi ofisini Bukoto kuanza kidirisha cha wateja.