Nilivyoitika Magofuni Mtongwe

Wallahi sitii chumvi, na anayetaka kucheka acheke sasa, amalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, wala si kitambo.

Mama yangu alikuwa hoi kwa homa. Hospitali tushakwenda, dawa tushamaliza, hali ni ile ile. Shangazi akaniambia niende Mtongwe, kule kilimani kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya mashehe, nikamwekee nadhiri. Najua wengine mtasema ni ushirikina. Haya, semeni. Mimi nilikuwa namwogopea mama.

Penye lango nilimkuta bibi anayefagia mahali hapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu. Na ukiitwa humo ndani, usiitike, hata kama wamjua anayekuita."

Nikasema sawa. Kunyamaza kuna ugumu gani?

Nilichoma ubani, nikanyunyiza marashi, nikaomba. Lakini moyo haukutulia hata kidogo. Kila mara nageuka nyuma, na nyuma hakuna mtu. Hata kunguru hasikiki, na Mombasa hii kunguru walivyo wengi! Nikawa nainuka niondoke, mara nikasikia jina langu la utotoni likiitwa upande wa kibla. Ilikuwa sauti ya mama, niliyemwacha kitandani Likoni.

Ewe unayenisikiliza, umelelewa Pwani, tangu mdogo ukichelewa kuitika unafinywa. Mama akiita utafanyaje? Mdomo ulinitangulia.

"Abee, mama!"

Yule bibi aliacha kufagia, akanitazama kwa huruma. Nilitoka mbio, viatu mkononi.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi, homa imekwisha, anakunywa uji. Nikamkumbatia huku nalia kwa furaha. Akanisukuma taratibu.

"Karibu, dada. Wamtaka nani?"

"Mama, ni mimi mwanao!"

"Mwanangu nimemwita sasa hivi, ameitika. Yuko chumbani."

Chumbani hamkuwa na mtu.

Tangu siku hiyo mama ni mzima. Anawajua majirani, anawajua wajukuu wake. Mimi tu ndiye mgeni. Kila siku hukielekea chumba kile akaita jina langu, na mle ndani kuna anayeitika, kwa sauti yangu mimi. Nikiingia, hamna kitu. Basi hukaa barazani nikisikiliza wanavyozungumza na kucheka, na roho yaniuma sana.

Kwa hiyo, ukiitwa na usiyemwona, kaa kimya. Waache wakuite mkosa adabu. Mimi adabu yangu imeninyang'anya mama, naye yu hai.