Bunduki ya Kitako Bana

Arbia alikuwa karani wa ofisi ya mifugo Garissa, na meza yangu iliangaliana na yake. Ukimwambia jambo haliwezekani, hakubishii; anakwenda kulifanya. Mwaka wa tisini na sita aliamua kulenga sahani.

Sahani hizo ni za udongo. Mtambo huzirusha hewani, nawe unazivunja kwa bunduki ya marisau. Klabu moja nje ya mji ilicheza mchezo huo kila Jumamosi, wanaume watupu. Mwenyekiti wao, mzee Olow, hakumkataza Arbia. Alimwekea mtihani tu.

"Akifunja tano katika kumi, tutamwandika," alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Asibofunja, asirudi. Mwanamke atabiga moja, akimbie."

Wenzake walicheka. Mimi nilichemka kwa hasira kuliko mwenyewe, ambaye tayari alikuwa anauliza mazoezi ni lini.

Wa kumfundisha alikuwa Dagane, askari mstaafu wa wanyamapori. Siku ya mazoezi malaria ilimlaza, akampigia simu katibu wa klabu: "Mbe Arbia ile ya kitako bana."

Katibu ni Mkamba wa Mwingi, mtu wa bidii, na alisikia alichosikia. Aliingia stoo, akapima vitako vya bunduki kwa vidole, akatoa yenye kitako kilichobana kuliko zote. Ilikuwa nyembamba na nyepesi kama mwiko. Arbia akafurahi, nasi tukafurahi naye, kwa kuwa sote tuliamini bunduki nyepesi haiumizi.

Risasi ya kwanza ilimpiga teke la bega akayumba. Kufikia ya tatu alikuwa anafumba macho kabla ya kufyatua. Hakuvunja hata sahani moja, na bega likavilia damu. Tukirudi nyumbani aliniambia wazi kwamba anaogopa.

"Kuumia si kitu, walaal," alisema, akiniita ndugu kwa Kisomali. "Naogoba Olow asije akawa amesema kweli."

Dagane alipopata nafuu aliitazama ile bunduki, akamgeukia katibu. "Mimi nilisema bana. Bana kama barabara."

Hapo ndipo katibu alipong'amua: pana, kwa ulimi wa Kisomali usio na p. Dagane alitaka kitako kipana chenye mpira, ili teke lienee bega zima badala ya kuchoma mahali pamoja. Tulicheka mpaka katibu naye akacheka, ila Arbia. Yeye aliomba afunguliwe stoo achague mwenyewe.

"Sisi wafugaji tukihama, maji hatumbebeshi ngamia mwebesi," alisema. "Mwebesi akishtuka, mzigo uko chini. Mzito anatulia nao."

Akaziweka kando zote nyepesi. Akachukua namba ishirini, maana hesabu ya bunduki ni kinyume cha ya sokoni, ishirini ina mdomo mdogo kuliko kumi na mbili, na teke lake ni dogo. Ilikuwa nzito kwa namba yake, ya kujipakia yenyewe, aina ambayo humeza sehemu ya teke lake. Kitako kilikuwa kipana, na kilimkaa begani bila yeye kunyoosha shingo. Dagane akaongeza risasi za baruti kidogo.

Siku ya mtihani alikosa mbili za kwanza. Ya tatu ikapasuka vumbi. Baada ya hapo macho yake hayakufumba tena, na alipomaliza alikuwa amevunja sita. Olow alimwandika kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata hatukuikuta ile bunduki stoo. Ilikuwa uwanjani, begani mwa Olow, naye anavunja sahani moja baada ya nyingine. Katibu alitunong'oneza kwamba mzee hukandwa bega kwa maji moto kila akirudi kutoka klabu, miaka yote hii, na anaona haya kusema.

Arbia alingoja mpaka risasi zikaisha. "Adeer," alisema kwa adabu, kama anayemwita ami yake, "ni zamu yangu."

Olow akampa. Kisha akasogea nyuma yake, akasimama hapo kupanga foleni.