Nubu Hushuka Katikati

Nilipoitwa nubu mara ya kwanza, nilijibu kwa maneno ambayo marehemu mama asingependa kuyasikia. Ni tusi la sisi tunaocheza michezo ya mtandaoni kwenye simu. Nubu ni mgeni asiyejua lolote, lakini si hapo panapouma. Panapouma ni kwamba anawaponza wenzake, na kila siku anacheza utadhani ameanza leo.

Baba yangu amechimba dhahabu huku Geita tangu ujana wake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampelekea chakula, nasimama kwenye mdomo wa duara, yaani shimo lenyewe, mpaka nisikie sauti yake ikitoka huko kwenye giza: "Nimefika chini." Wenzake walioshika kamba hujibu, "Tumekusikia." Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa unatulia.

Kisha vumbi la mawe likamwingia kifuani, na daktari akamkataza kushuka tena. Akahamia kwangu. Alikuwa anakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, siku inaisha hajasema lolote zaidi ya kuitikia salamu. Nilikuwa naogopa sana. Niliona kama ananiaga polepole, na mimi sikuwa tayari kuagwa.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana alinikuta nacheza. Timu yetu ina dereva wa lori wa Isaka, vijana wawili wa Mbeya, na mimi. Hatujawahi kuonana kwa macho, tunasikiana kwenye simu tu tukicheza. Mnaruka kutoka kwenye ndege kwa miavuli, mkitua mnapigana na timu nyingine. Baba alitazama weee, kisha akanyoosha mkono. Nikampa simu na kumwonyesha pa kubonyeza.

Alitua, akamwona mtu amesimama kando ya nyumba. Badala ya kufyatua, akamwendea huku akisema, "Habari za hapa, ndugu yangu." Mchimbaji akifika machimbo mageni huanza na kusalimia wenyeji. Mwenyeji huyu alimmiminia risasi.

"Simu kapewa nani?" dereva alifoka. "Huyu ni nubu kabisa."

Baba akanigeukia.

"Mayu," aliniita, kama Wasukuma tunavyowaita binti zetu kwa upendo, "nubu ndiyo nini?"

Nilimweleza yote bila kupunguza, nikijua ataiweka simu chini na kurudi kwenye ukimya wake. Akafikiri kidogo. Halafu akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikambana.

"Kumbe kuna mahali bado mimi ni mgeni," alisema. "Nami nilidhani nimeshamaliza kila kitu."

Neno lililonitoa matusi mdomoni, yeye lilimpa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu augue.

Akaisogelea simu. "Vijana, mmesema kweli, mimi ni nubu. Ila kwetu duarani nubu hashuki peke yake. Mmoja anatangulia, yeye anafuata, na mwingine anakaa juu yake. Sasa mimi nashuka katikati ya nani?"

Sauti ya dereva ilishuka.

"Shikamoo, mzee," dereva alisema.

"Marahaba."

"Utanisamehe. Mimi natangulia, wewe nifuate. Vijana wa Mbeya watakuwa juu yako."

Mchezo mpya ulipoanza, wakaruka. Niliiona miavuli yao minne ikifuatana angani, wa baba katikati, na hao watu wanaogombania kutua kwanza wakimsubiri mzee wasiyemjua. Nilijikuta nimesimama, mkono kifuani.

Alipogusa ardhi, baba alivuta pumzi yote aliyobakiwa nayo na kupaza sauti.

"Nimefika chini."

Vijana wale hawakujua kwamba hilo lina jibu lake. Nilijibu mimi, huku machozi yakinitoka.

"Tumekusikia."