Mwanachuo wa Kwenye Kaseti

Betri zilizoanikwa juani zina harufu yake, ya bati la moto na vumbi. Nikiikuta popote narudi nyumbani kwetu, nje kidogo ya Ushirombo, kwenye paa la banda la kuku ambako baba alizipanga betri za redio kabla ya kuswaga ng'ombe, ili jioni zipate nguvu ya kutusomea kitabu.

Aliyesoma hasa alikuwa Mwalimu Perpetua, mwalimu wa Kiswahili wa dada yangu Minza. Mwalimu mkuu wake wa zamani alikuwa amepofuka, naye hakutaka mzee akose riwaya aliyoipenda, kitabu cha zamani kuhusu kijana wa shamba anayekwenda chuo kikuu. Akawa anamsomea mbele ya redio kaseti na kurekodi, kaseti moja baada ya nyingine. Mzee akishasikiliza, Minza aliziazima.

Kaseti mpya zilikuwa adimu. Mwalimu alinunua za muziki zilizochakaa kwenye duka la Mhindi pale sokoni, akaziba kwa karatasi vitundu vyake vinavyozuia kurekodi, akarekodi juu ya nyimbo. Kwa hiyo sauti yake ilipokoma, gitaa la rumba lilidakia katikati ya wimbo. Baba, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa akitikisa kichwa: "Basi. Kijana kaacha vitabu, kaenda dansini." Alisema hivyo kila kaseti ilipokwisha, na kila mara tulicheka.

Sijasikia tena mtu anayesoma vile. Hakuigiza wala hakukimbia. Penye huzuni alishusha sauti kidogo tu, kama mtu anayepita mlangoni kwa mgonjwa. Nyuma yake ulisikia majogoo wa jirani, na siku moja mtu akabisha hodi. Mwalimu akamwambia asubiri, kisha akaimalizia sentensi yake pale pale alipoiacha.

Mimi nilisikiliza kwa kujifurahisha. Minza alikuwa na lake. Alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano huko Tabora, na majuma yale yale mshenga alikuwa amefika kutoka Katoro, kwa niaba ya ukoo wenye ng'ombe wengi na kijana aliyepata dhahabu. Baba hakukubali, hakukataa. Alimwambia mshenga avute subira. Mama alinong'ona kwamba ng'ombe wa Katoro wameshampanda baba kichwani, nami nikaamini, nikaanza kuwanunia hata ng'ombe wetu wenyewe wasio na hatia.

Ikafika kaseti ambayo kijana wa kitabuni anaishiwa pesa. Anauza koti lake ili anunue kitabu, anakunywa maji, na bwenini anawaambia wenzake kwamba amekula mjini. Baba akanyoosha mkono, akaizima redio.

"Kwao wanajua?" akamuuliza Minza.

Minza akamweleza kwa upole kwamba ile ni riwaya, kijana mwenyewe hayupo, ametungwa.

"Katungwa, hakutungwa," baba akasema, "huyu hajala."

Kesho yake mama aliamriwa kujaza mfuko wa michembe, vile viazi vitamu tulivyokata na kukausha kwa ajili ya kiangazi. Minza akajifungia ndani kwa aibu. Baba akaufunga mfuko kwenye usukani wa baiskeli, akanipakia nyuma, tukaenda kwa Mwalimu.

Mwalimu alimwamkia shikamoo huku amepiga goti kidogo, kama mabinti wa kwetu. Baba akavua kofia. Sikuwahi kumwona akitafuta maneno vile.

"Mwalimu, ni habari ya yule kijana wako. Wanasema katungwa. Lakini aliyemtunga kuna mtu alimwona. Kama ipo njia ya kumfikishia, mfikishie."

Nilimtazama Mwalimu nikingoja acheke. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili.

"Asante, baba. Nitaangalia la kufanya."

Kaseti ya mwisho haikupitia kwa mzee. Mwalimu aliileta kwetu mwenyewe, akakataa hata kuketi. Mshenga alikuwa ameshatuma neno kwamba anakuja kuchukua jibu. Jioni hiyo tukamsikia kijana akifunga mizigo ili arudi kwao, mara anaitwa getini. Kuna kifurushi chake, kimeletwa na mtu asiyemjua. Ndani mna viazi vikavu. Anavichemsha, anawaita wenzake wa bwenini, wanakula pamoja, na kwa mara ya kwanza anawaambia kwamba alikuwa na njaa. Kisha anafungua mizigo yake na kujiandaa kwa mtihani.

Gitaa likadakia. Baba hakusema habari za dansi. Aliuacha mkanda ukaisha, ndipo akamgeukia mama.

"Mshenga aambiwe ng'ombe wabaki kwao. Nawe, Mama Minza, anza kukata viazi. Tabora ni mbali."

Minza akaenda. Miaka ikapita, nami nikafika chuo kikuu, na kwenye rafu ya maktaba nikakiona kitabu chenyewe. Nikakisoma siku nzima bila kuinuka. Kifurushi hakimo. Kijana hafungi mizigo, haitwi getini na mtu yeyote. Anaingia kwenye mtihani na njaa yake, peke yake. Nilirudi nyuma kurasa nyingi nikikitafuta, kama mtu aliyeibiwa.

Nilikuwa nimeamini kwamba baba alikuwa akipima ng'ombe. Alikuwa akipima swali ambalo nyumbani hakuna aliyelijibu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ameliuliza: mwanangu akiwa kati ya watu wasiomjua, nani atamlisha? Mwalimu Perpetua alilisikia ndani ya mfuko wa michembe, akalijibu kwa sauti ile ile ya siku zote, bila kutetereka hata neno moja.

Mwandishi alimwacha kijana wake na njaa, na naona alikuwa na haki. Kitabu kile kinauma kwa sababu hiyo. Lakini yeye aliandikia watu wote. Mwalimu, siku ile, alimsomea mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na binti.