Tope la Wular

Mzee Khaliq alikwisha kuapa: shina jingine la yungiyungi kutoka sokoni halipiti kinywani mwake. Na nani angemlaumu? Tangu mafuriko yafukie mayungiyungi ya ziwa la Wular, mwanawe Altaf alishamletea mashina ya mjini mara mbili, akidai yametoka ziwani, na mara zote mzee akambaini kwa kutafuna tu. Sasa miguu haimfikishi ufukoni, na habari kwamba mwaka huu maua ya yungiyungi, yenye rangi ya waridi, yamerudi kujaa majini aliziweka fungu moja na ahadi za wakati wa kura.

Ndiyo maana Saja, mkewe, aliingia mtumbwini mwenyewe na ule upondo wenye kulabu ambao hakuwa ameushika tangu Altaf hajaota meno. Alipapasa topeni, akavuta, shina likaja refu, rangi yake kama maziwa yaliyodondoshewa chai, pingili zimefumba pande zote. Akalipakata kama mtoto mchanga. Leo Khaliq ataamini.

Alipopata mashina ya kutosha alimkabidhi mkaza mwana wake, Rubaya, ayaoshe, yeye akaenda kukoroga mtindi. Rubaya alizaliwa kule juu kwenye mashamba ya matufaha. Yungiyungi alilijua likiwa sahanini. Kwa kutaka kufanya kazi safi, alikata pingili zote kwanza, kisha akayachovya mashina kwenye maji ya tope ya ufukoni. Mtu wa ziwani anajua kuwa pingili ndiyo mlango. Ukiikata, tope huingia kwenye matundu yote yaliyo ndani ya shina.

Saja alipoona aliinua shina moja, akachungulia matundu yaliyojaa tope, hata Rubaya akaanza kulengwalengwa na machozi.

“Kwenu tufaha mnaliosha ndani?”

“Hapana, mama.”

“Basi leo utaosha ndani. Lete kile kikapu kibovu.”

Wakachomoa fito nyembamba za kikapu, wakakaa kuchokonoa tundu moja moja. Saja akamsimulia jinsi yeye na wenzake utotoni walivyojifunika mvua kwa majani ya yungiyungi na kutafuna mbegu zake mbichi kama karanga; Rubaya naye akamchekesha kwa kisa cha dubu mwizi wa matufaha. Vipande vikaingia kwenye mtindi wenye shamari na nanaa kavu, vikatoka vyeupe, Saja akampelekea Khaliq sahani.

“Weupe huu ni wa mjini,” mzee akanung'unika. Lakini alimwona Rubaya mlangoni, anauma ncha ya mtandio, akamwonea huruma, akatia kipande kimoja mdomoni.

Krrr. Mchanga ulisikika hadi mlangoni. Saja akainamisha kichwa.

Khaliq aliacha kutafuna. Kisha akaendelea, polepole, ulimi ukitafuta kitu.

“Mama Altaf, watu wa sokoni wanaosha vizuri kuliko hivi.”

“Najua.”

“Na tope lao halina ladha hii.” Akameza, mchanga na vyote. Macho yalikuwa yamemlowa. “Ziwa limerudi.”

Akauliza nani aliyeosha. Saja akamwonyesha kwa kidevu.

“Kesho nibebeni hadi ufukoni,” mzee akasema, akivuta sahani karibu. “Nikamfundishe huyu binti wa matufaha kuosha, kabla hajanimalizia meno.”