Sahani Kwenye Kizingiti cha Stoo

Nakumbuka Ijumaa moja ya likizo ya baridi, mwanangu, na kila nikiikumbuka huinuka nikaenda kutazama wajukuu wako wapi, hata kama nawasikia wanapiga kelele sebuleni. Ukiniona napita vichochoro nistahamilie. Mie nimesoma Kurani chuoni kidogo, skuli sikukaa, na hadithi zangu hazijui kwenda moja kwa moja. Lakini ntafika.

Wakati huo nilikuwa mama kijana, tukikaa Wadi Kabir karibu na magereji, kwa sababu mume wangu Salim, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magari. Kanzu zake hazikutoka harufu ya oili hata nizifukize udi mpaka nyumba nzima iingie moshi. Kaka yake mkubwa, Nasor, alikuwa ofisini serikalini, nyumba yake Azaiba, na mkewe ni Zuwena. Mie na Zuwena sote tumezaliwa Unguja, sote tumeletwa huku Omani wadogo. Ila yeye kasoma na mie sikusoma, na hilo lilikuwepo baina yetu kama mwiba wa samaki kwenye wali. Huuoni mpaka ukuchome.

Skuli zikifungwa, wote tunahamia Sib kwa mama yao, mavyaa wetu. Watoto wanalala ukumbini wamepangana kama dagaa. Na wewe unajua baridi yetu ya Maskati: wageni wanaogea baharini, sisi tunavaa soksi na kulalama. Basi mavyaa alikuwa na mandusi, lile sanduku kubwa la mbao lenye misumari ya shaba, alilokuja nalo kutoka Unguja, likikaa stoo, uani nyuma ya jiko. Mwaka mzima limejaa mablanketi. Likizo ikiingia, mablanketi yanatoka na sanduku linabaki tupu. Mbao ya nyuma ilikuwa na ufa, na kila mwaka mavyaa akisema ataita seremala auzibe, na kila mwaka seremala haji. Liweke hilo akilini.

Ugomvi ulianza na gari la kuchezea. Badar, mtoto wa Zuwena, ana miaka sita, kanunuliwa gari linalokwenda lenyewe ukibonyeza. Mwanangu Saidi, wa miaka minne, akataka kubonyeza. Badar akamwambia, "Nyinyi wa Wadi Kabir mtalivunja." Sasa mtoto wa miaka sita anajua nini habari za Wadi Kabir? Maneno yale hakuyaokota njiani. Saidi akamjibu kwa meno. Alimng'ata begani mpaka alama zikakaa kama muhuri.

Zuwena alikuja jikoni amemshika mwanawe mkono, kamvua shati.

"Mama Saidi, tazama. Huyu mtoto au paka?"

"Samahani, ntamtia adabu," nikasema. Ningeishia hapo ingekuwa kheri, lakini ulimi hauna mfupa. "Ila na wewe mwanao mfundishe. Mtu kutukaniwa kwao nako ni kung'atwa."

"Nani kamtukana?"

"Muulize aliyemfunza."

Akanitazama, kisha akainama mbele ya Badar, akasema polepole, kila neno nalisikia: "Kuanzia leo yule si mwenzako. Usicheze naye, usimsemeshe, na jina lake nisilisikie kinywani mwako. Ukimtaja tu, gari hili naenda kulitupa baharini. Umefahamu?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Sisi, mwanangu, hula sinia moja. Wanaume lao, wanawake letu, watoto lao, na watoto wakigombana asubuhi mchana vidole vinakutana kwenye wali, na ugomvi unaliwa humo humo. Siku ile mchana Zuwena alimpakulia Badar sahani yake peke yake, akamkalisha pembeni ya ukuta. Mavyaa alikuwa anachuja chai. Alikuwa mama wa maneno machache, na akisema hakutazami. Anatazama kazi yake.

"Zuwena, mtoto huyu anaumwa?"

"Haumwi, Mama."

"Kwetu mtoto hutengwa sinia akiwa na tetekuwanga."

"Kang'atwa, Mama. Sitaki aumie tena."

"Haya," akasema mavyaa. "Mnamtengea sahani leo. Kesho atajitengea mwenyewe, na hamtojua kaitenga kwa ajili ya nini."

Hatukumsikiliza, si mie wala yeye. Mie nilifurahi kimoyomoyo, nikaona Zuwena kasemwa. Na waume zetu nao wakaingia ugomvini. Usiku uleule Salim aliniambia kesho tukishasali Ijumaa tunarudi kwetu, na mwakani hatuji. Nikafunga nguo. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, kwa maana hawachelewi kupatana, usijitie kati. Ni kweli, lakini hawakusema habari zetu sisi tulioolewa tukaingia. Sisi tukigombana, ndugu wenyewe wanaweza wasipatane tena. Nyumba ile ilikuwa inapasuka, na kila mtu anajua, na kila mtu anachagua mchele kama hakuna kitu.

Ijumaa asubuhi wanaume wakenda msikitini. Sisi jikoni, biriani inapikwa kwa ukimya, vijiko tu ndio vinavyosema. Watoto uani wanacheza kibe, wanajificha na kutafutana. Nyuma ya ukuta jirani anajenga, mashine yake ya kuchanganyia saruji inanguruma, huwezi kumsikia hata aliye mbele yako. Badar alikuwa peke yake kwenye ngazi ya stoo na gari lake. Nilimwona, nikapita. Na mie nilikuwa simsemeshi. Mtu mzima mie, simsemeshi mtoto wa miaka sita.

Wanaume wakarudi, tukatandika. Watoto wakaja mbio na mikono mibichi, wakazunguka sinia, na Badar kapewa sahani yake peke yake kama jana. Saidi hayumo.

"Saidi yuko wapi?"

Kila mmoja akamtazama mwenziwe. Binti mmoja wa wifi yangu akasema alijificha vizuri mno, wakachoka kumtafuta, wakaanza mchezo mwengine. Nikaita chumbani, nikaita chooni, nikaita juu ya dari. Mwanzo unaita kwa hasira, mwanangu. Kisha sauti inabadilika yenyewe tu.

Mlango wa nje ulikuwa wazi. Wanaume walipoingia hakuna aliyeukomea. Na kutoka pale mpaka pwani ni kuvuka njia tu.

Salim akatoka mbio bila viatu. Nasor akaingia garini, akenda kuuliza barabarani. Mavyaa akamwita Badar.

"Badar, babu yangu, umemwona mwenzako?"

Mtoto kafunga mdomo. Akamtazama mama yake.

"Hakuwa naye, Mama," akasema Zuwena. "Mie nimemkataza. Mtoto wangu nikimkataza jambo halifanyi."

Wala hakusema kwa ubaya. Uso wake ulikuwa umepauka kwa hofu kama wangu. Alisema alilolijua.

Nikakimbilia pwani. Bahari ilikuwa imechafuka na upepo wa kaskazini, mawimbi yanapanda mpaka kwenye nyavu zilizoanikwa. Mvuvi mmoja mzee akaniuliza kwa Kiarabu, amevaa nini mtoto? Nikasahau. Nimemvika mwenyewe asubuhi, nikasahau kabisa. Nikabaki naonyesha urefu wake kwa mkono, hivi, hapa kiunoni. Vijana wawili wakavua kanzu wakaingia majini, na mie nimesimama natazama wanapozama, namwomba Mungu watoke mikono mitupu. Hilo silisahau: nilikuwa naomba wasimpate.

Yanayofuata nilisimuliwa baadae, na nilisimuliwa na Zuwena mwenyewe, kwa hiyo ni ya kweli.

Nyumbani mavyaa hakutoka. Alisema yeye miguu haina kazi pwani, atatazama ndani. Akapita chumba kwa chumba, akafika uani. Kwenye kizingiti cha stoo akakuta sahani. Wali, kipande cha kuku, na kachumbari pembeni. Haijaguswa. Badar kasimama kando yake kama askari wa mlangoni, gari lake kalikumbatia.

"Sahani ya nani hii?"

"Yangu."

"Mbona huli?"

Badar akatikisa kichwa.

"Unamwekea nani?"

Mtoto akaanza kulia bila sauti. Mavyaa akapiga magoti, na magoti yale yalikuwa hayapigi tena hata kwenye sala, alisali juu ya kiti. Akamwambia, "Nionyeshe tu. Usiseme."

Badar akanyoosha kidole ndani.

Mavyaa alipiga ukelele mmoja, nami niliusikia nikiwa njiani narudi, juu ya kelele za ile mashine. Nilipoingia uani, Zuwena ndiye aliyekuwa kalishika komeo la sanduku, kucha zinamtoka damu. Lile komeo la shaba lilianguka lenyewe Saidi alipojifungia, na mikono ya mtoto haiwezi kulinyanyua. Badar alijaribu. Viganja vyake vilikuwa na michubuko.

Kifuniko kikafunguka. Saidi kajikunja kama kitambaa, karoa jasho, kapeleka mdomo wake kwenye ufa. Ule ufa. Zuwena akamtoa, si mie, akambeba mpaka uani penye upepo, akamlaza, akampuliza usoni, akimwita kwa jina, "Saidi, Saidi, mwanangu Saidi." Mashine ya jirani wakati huo imezimwa. Tukasubiri. Mtoto akakohoa. Kisha akatapika, kisha akalia, na sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo nilipotaka kukuleta. Nilipojua mwanangu mzima, niligeuka kumtafuta Badar. Nilitaka kumtia mkono. Nilikuwa nshamnyanyulia. Alijua, mtoto yule, muda wote ule alijua, na mie nnazunguka pwani. Mavyaa akaingia kati. Mama mzee, mdogo wa mwili, akasimama baina yangu na mtoto.

"Nipige mie."

"Mama, alijua. Aliulizwa akanyamaza."

"Alikatazwa kusema, akatii. Katafuta njia pasipo njia, kaja na sahani yake." Kisha akageuka, na safari hii alitutazama machoni, mie na Zuwena pamoja. "Chuki yenu nyinyi ni ya kupita, mngepatana mkishiba. Mmempa mtoto aishike. Mtoto hajui kushika kitu kwa mzaha. Mngezika leo, na huyu angeishi na siri hiyo mpaka anazeeka, na wala si yake."

Zuwena alikaa chini kwenye vumbi. Sikumsogelea. Nisikudanganye, moyo wangu ulikuwa bado jiwe. Nikamkumbatia mwanangu tu. Salim akaja, akasimama kwenye mlango na funguo za gari mkononi, na nguo zetu zimefungwa pale ukumbini, akaniuliza, "Twende?" Watu wote wakanigeukia. Nasor pia. Ningesema ndio, mwanangu, tungekwenda, na ningekuwa na haki, na nyumba ile ingekwisha siku hiyo.

Badar ndiye aliyesema kabla yangu. Alimwendea mama yake pale chini, akamwekea gari lake mapajani, akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, ukishalitupa, naweza kumwita?"

Zuwena aliitikia kwa kichwa. Ndio, ndio. Na yule mtoto akaja mpaka kwangu, akasimama mbele ya Saidi, akalitaja jina ambalo alikuwa kalizuia tangu jana. "Saidi. Nilikuwekea kuku."

Nikamwambia mume wangu, "Weka funguo, chakula kinapoa."

Tulikula asri, biriani imeganda. Mavyaa aliamrisha sinia moja tu, la watu wote, wanaume kwa wanawake, jambo ambalo nyumba ile haikupata kulifanya, na tulibanana bega kwa bega mpaka sahani ya Badar ikamwagwa katikati pamoja na wali wa wenzake. Mimi na Zuwena hatukusemezana siku ile. Alinisogezea limau, nikalipokea. Mengine yalikuja taratibu.

Sanduku hilo sasa liko kwangu. Komeo lake nimeling'oa mwenyewe, na ufa hauzibwi, seremala akija namrudisha. Badar ana watoto, na Saidi ana wake, na likizo ikifika wote wananijazia nyumba.

Juzi hapa nimemsikia mama mmoja kijana katika jamaa zetu, yuko kwenye simu, akimwambia mwanawe, "Usimwalike yule, mama yake kanitoa kwenye grupu." Nikatoka chumbani. Nilikuwa na haya kumsema mbele ya watu, basi nakusema wewe, na yeye atasikia humo.

Mwanangu, kugombana mtagombana, nyumba yenye watu haikosi. Wakubwa gombaneni wenyewe, mfunge mlango, msemane, mununiane. Lakini usimtie mtoto neno lako la hasira mdomoni, wala usilitoe jina la ndugu yake mdomoni mwake. Wewe utasahau jioni, yeye hatosahau. Ukimkataza, mkataze moto, mkataze kisima, mkataze njia ya magari. Usimkataze damu yake. Na mtoto akikutii katika ubaya, adhabu si yake. Wala usimtengee sahani mtoto mzima wa afya. Mlishe pamoja na yule aliyemng'ata, maana wanaoombana tonge wana njia ya kurudiana.

Mola akupe wana wanaoitana kwa majina mchana na usiku, asiwafungie kheri wala pumzi, na nyumba yako isikose mlango wa kurudia.