Maji ya Bomba Kwa Mdogo Wake

Bi Pindo si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimpa sisi mafundi wenzake, kwa sababu hakuna nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake pindo likiwa limelala vibaya. Mteja akija na haraka zake, "Fundi, piga mshono wowote, kwani ndani nani ataona?" Bi Pindo humjibu, "Mimi nitaona." Kisha hufumua na kuanza upya, na mteja hubaki amenuna kwenye benchi. Mimi cherehani yangu iko pembeni ya yake, nami nimekaa hapo hadi nikazeeka. Kwa hiyo nikisema mdogo wake alimtenda, sisemi maneno ya kuokota barabarani. Nilimwona akienda, nikamwona akirudi, na aliyerudi hakuwa yule aliyeenda.

Huyo mdogo wake ndiye kitinda mimba kwao. Mama yao alifariki mtoto bado anatambaa. Bi Pindo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kushona, akamfunga mgongoni na kuendelea kukanyaga cherehani. Wachumba walikuja, wakamkuta na mtoto ambaye si wake, wakaaga kwa adabu na hawakuonekana tena. Ukubwa jalala, waliosema hawakukosea. Kijana akasoma kwa sare za shule alizoshona dada yake kwa ajili ya watoto wa wengine, akawa mhandisi, akapata kazi nje ya nchi, akaoa, akapata binti. Na kila akipiga simu alikuwa na wimbo mmoja: "Dada, siku ukichoka, uzee wako uko kwangu. Chumba chako kipo."

Bi Pindo aliishi kwa ahadi hiyo. Sisi wengine tukizungumzia uzee kwa hofu, yeye alikuwa anatabasamu tu. Macho yalipoanza kumsumbua, akaamua aende kwanza akapaone hapo mahali pa kuzeekea. Akipapenda, angerudi kutuaga na kufunga kazi.

"Nguo haikatwi bila vipimo," aliniambia. "Naenda kupima."

Alipokelewa vizuri, hilo sitalificha. Mdogo wake alimfuata uwanja wa ndege, akambebea begi, akamtambulisha kwa majirani wa ghorofa nzima: "Huyu ndiye mama yangu." Chumba kilikuwepo kweli, kina kitanda na dirisha. Mtoto alimganda shangazi yake tangu siku ya kwanza. Wifi mtu alikuwa mpole, hana maneno mengi, anatoka kazini amechoka lakini anauliza, "Wifi, umekula?"

Shida ilianzia jikoni. Bi Pindo alikuwa amebeba kipande cha melimeli cha kuchujia maji, maana yeye popote aendapo maji huyachemsha, huyachuja, ndipo hunywa. Akaomba sufuria. Mdogo wake akacheka hadi akashika ukuta.

"Dada! Huku si kwetu bwana. Hapa unafungua bomba, unakunywa. Ukichemsha maji huku hata mtoto atakuita mshamba." Akachukua kikombe, akakiweka karibu na sinki. "Hiki chako. Kunywa ushibe."

Bi Pindo aliona haya. Akakirudisha kile kitambaa ndani ya begi, akafungua bomba, akanywa. Maji yalikuwa na harufu ya dawa, kama sakafu ya hospitali iliyopigwa deki, na asubuhi yalitoka na kiwingu cha njano kabla ya kutulia. Lile jengo lilikuwa la zamani, na mabomba yake yalikuwa yakiguna ukutani. Akajiambia, maji mageni hayo, nitayazoea. Mezani kulikuwa na jagi, lakini yeye kwa adabu ya ugeni hakuligusa. Alikuwa na kikombe chake.

Tumbo halikuzoea. Lilimkata, likatulia, likamkata tena. Mdogo wake alimletea vidonge na kumpa pole. "Ni ugeni tu, Dada. Mwili unajipanga." Siku nyingine alishindwa hata kuinuka kumfungulia mlango mtoto. Alipiga simu, nikasikia sauti yake imekuwa nyembamba, nikamuuliza kama wanamlisha.

"Wananilisha vizuri mno," akasema. "Ni mimi tu. Mwili wangu mshamba."

Hilo neno ndilo linalonichemsha damu mpaka leo. Alikuwa anaulaumu mwili wake mwenyewe! Ule mwili uliokesha na mtoto, ukakanyaga cherehani huku umejifunga mzigo wa mwingine mgongoni, leo ndio wenye makosa.

Sasa sikia mambo yalivyofichuka. Ilikuwa siku ya mapumziko, wote wapo nyumbani, wanangoja chakula cha mchana. Mtoto akaingia kutoka kucheza, amelowa jasho. "Shangazi, maji!" Kwao kina Bi Pindo mtoto hapewi maji mpaka mkubwa ayaonje kwanza. Mama yao alimlea Bi Pindo hivyo, naye akamlea mdogo wake hivyo hivyo. Basi akajaza kikombe bombani, akapiga funda moja, akainama kumpa mtoto.

"Wifi, hapana! Usimpe hayo!"

Wifi alitoka mbio kwenye kochi, akakipokonya kikombe, maji yakamwagika yote kwenye gauni la Bi Pindo. Bi Pindo alidhani kuna mdudu. Akachungulia ndani ya kikombe.

"Kuna nini, wifi?"

"Hayo ya bomba. Hayanyweki hayo, yanaumiza watu."

"Si ndiyo tunayokunywa?"

Mtoto ndiye aliyejibu, maana mtoto hajui siri. "Yetu yako chumbani kwa mama, shangazi. Njoo nikuoneshe." Akamshika mkono, akamvuta. Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala madumu ya maji ya kununua yalikuwa yamepangana, mengine hayajafunguliwa. Jagi la mezani lilikuwa linajaziwa humo.

Wifi akamgeukia mumewe. "Hukumwambia? Si uliniapia umemwambia, na yeye mwenyewe kasema anapenda ya bomba?"

Hapa nikiri, sisi huku kazini tulikuwa tumeshamwandalia wifi mashtaka yote. Mawifi tumezoea kuwabebesha. Ikabidi tuyarudishe kabatini, maana yule mwanamke hakuwa na kosa.

Na mwenye kosa alisemaje? Alikuna kichwa. "Dada, usilichukulie vibaya. Madumu yale kuyapandisha ngazi mpaka huku juu ni kazi, lifti yenyewe mbovu. Na wewe... wewe maji yote umezoea tangu zamani. Sisi matumbo yetu yameshakuwa laini."

Uvivu wa ngazi! Ningesikia hawana kitu, ningemwelewa. Ningesikia wamegombana, ningesema ni ya ndugu hayo, yatapita. Lakini mtu anakaa, anapiga hesabu ya nani abebewe maji na nani asibebewe, na katika nyumba nzima anayebaki nje ya hesabu ni yule aliyemlea. Halafu anamtazama akijikunja kwa tumbo na kumwambia mwili unajipanga. Kikulacho ki nguoni mwako, sisi mafundi tunaisema hiyo kwa mzaha tukichomwa na pini. Siku hiyo haikuwa mzaha.

Bi Pindo hakugombana. Alibadilisha gauni, akala, akamsaidia wifi vyombo. Ila aliomba arudi nyumbani mapema, na mpaka siku ya safari alikuwa akitafuta sufuria mwenyewe na kuchemsha maji yake bila kumwomba mtu ruhusa. Alirudi mashavu yamebonyea. Alinisimulia yote mara moja, hakulia, kisha akakaa kwenye cherehani yake na kushika kazi. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira.

Mdogo wake alikuja likizo iliyofuata, peke yake. Akaingia kwetu kazini amebeba mifuko ya zawadi, shati limemganda mgongoni kwa joto. Akatuamkia wote. Kwenye meza ya Bi Pindo kulikuwa na bilauri ya maji imefunikwa. Akaifunua na kuyanywa yote kwa mkupuo, akajifuta mdomo, akavuta kigoda karibu na dada yake.

"Dada, nimekuja kukuchukua. Mke wangu anakusalimu, mtoto anakuulizia kila siku. Chumba chako kipo."

Bi Pindo hakuacha kushona. Akamaliza mstari, akakata uzi, ndipo akamtazama.

"Umekunywa maji yangu."

"Ee, kiu ilikuwa imenishika."

"Hukuuliza yametoka wapi. Hukuuliza kama yamechemshwa. Na tumbo lako laini."

Akacheka, yule kijana, kicheko cha mtu aliye kwao. "Niulize nini, Dada? Si yako wewe?"

Sote tuliacha kukanyaga. Bi Pindo aliichukua ile bilauri tupu, akaifunika tena.

"Hata mimi sikuuliza," akasema. "Niliyanywa nikaumwa, nikayanywa tena. Si wewe ndiye uliyenipa?"